Aune Kuivila na Ngazi Kumi na Moja

Mchungaji, wafiwa, majirani wa Kitongoji cha Salmela, na ninyi mliotoka mbali mkaacha kuni hazijapasuliwa na msimu wa mawindo unakaribia, kabla karatasi hii haijakunjuliwa familia inawaomba kila mmoja aweke mkono kifuani na aape kimoyomoyo kwamba jambo atakalolisikia sasa hivi halitatoka humu, halitafika kwenye kituo cha mafuta, halitafika saluni, wala halitasemwa ndani ya sauna hata mvuke uwe mkali namna gani, kwa kuwa ni jambo la siri, na siri hiyo ni ya kura. Mmeapa? Haya. Tarehe 8 Novemba 1988, katika uchaguzi wa mweka hazina wa kitongoji, marehemu Aune hakumpigia kura shemeji yake Reino, alimpigia mpinzani wake, Bi Dorothy Stanaway. Reino ni mume wa Helmi, na Helmi ni mdogo wake marehemu wa tumbo moja, ambaye ndiye huyu anayewasomea, na kama mnaona amekivunja kiapo kabla hata mikono yenu haijashuka, msimlaumu, kwa maana siri hiyo haikulala hata siku moja, ilitangazwa siku ileile saa tano asubuhi, kwa sauti, mbele ya watu wenye vikombe vya kahawa mkononi, na aliyeitangaza ndiye aliyelipwa kuitunza. Historia itafika hapo kwa zamu yake, tuanze mwanzo.

Marehemu Aune Kuivila, ambaye kwao ni Rautio, alizaliwa siku ya Ijumaa tarehe 11 Februari 1938, katika Mtaa wa Shimo la Tatu hapa hapa Salmela, Rasi ya Juu ya Michigan, ndani ya sauna ya nyumbani kama walivyozaliwa wengi wa rika lake, maana ndicho chumba pekee kilichokuwa na joto na maji safi, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Eino Rautio, mchimba chuma, na mkewe Hilja, ambao baadaye walimpata Helmi mwaka 1942 na wakaona watoto wawili wanatosha. Alikuwa mtoto wa mbio, huyo Aune, anapanda miti, anapigana na wavulana na anawashinda, mpaka mwezi Agosti mwaka 1947, akiwa na miaka tisa, alipotoka kuogelea ziwani, akasema shingo inamuuma, akalala, na alipoamka miguu yote miwili haikumsikia tena. Ilikuwa polio. Alikaa hospitali kule Marquette miezi kumi na minne, akarudi Oktoba 1948 na vyuma vya miguu na magongo mawili, na siku ya kwanza tu aliyorudi alimchapa mdogo wake kwa gongo la kulia kwa sababu alikuta mwanasesere wake amekatwa nywele, jambo ambalo Helmi alilikana kwa miaka sabini na leo analikiri.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, kisha akaingia shule ya sekondari ya Salmela mwaka 1952, shule iliyokuwa na ngazi ishirini na mbili, na kila asubuhi kabla ya zamu yake mgodini mzee Eino alimpandisha mgongoni, naye alibeba magongo yake na mkoba wa baba yake wa chakula, ili kila mmoja awe amembebea mwenzake kitu. Alihitimu tarehe 7 Juni 1956. Familia inapenda ikumbukwe kwamba jukwaa la kupokelea vyeti lilikuwa juu, na mwalimu mkuu wa wakati ule, mtu mkali asiyecheka, alipomwona Aune kwenye mazoezi hakuitisha kikao, hakuandika barua kokote, hakuuliza bima inasemaje, aliita seremala, akavunja jukwaa, na mwaka huo darasa zima likapokea vyeti sakafuni. Hiyo ilikuwa mwaka 1956, kabla ya sheria yoyote ile. Tafadhali muitunze tarehe hiyo vichwani, kwa kuwa mbele tutakutana na watu wenye sheria mkononi na seremala wa kila aina, walioshindwa kufanya hata nusu ya hayo.

Kuhusu kazi, mwezi Septemba 1956 marehemu aliajiriwa kuwa opereta wa simu hapa mjini, kazi ya kukaa, ya masikio na vidole, na kwa miaka kumi na mitano kila neno lililosemwa kwenye waya wa Salmela lilipita mikononi mwake, nani anamdai nani, nani anampenda mke wa nani, nani ametapika wapi, na mnajua alitoa lipi? Hakutoa hata moja. Helmi alimbembeleza, akamwokea mkate mtamu wa iliki, akamwambia, "Dada, hata jina la kwanza tu, mimi nitabahatisha lililobaki," naye anatafuna mkate wote na kujibu, "Nimesikia kelele za waya tu, mdogo wangu, siku hizi waya mbovu." Mitambo ya mtu kujipigia simu mwenyewe ilipokuja mwaka 1971 kazi hiyo ikaisha, akageukia cherehani, akashona mapazia na magauni ya harusi ya nusu ya kitongoji hiki, na kwa miaka zaidi ya arobaini, hadi 2019, alimshonea Bwana Sulo Perala, mwenye nyumba ya mazishi, tepe za mashada ya maua, kila utepe na jina la maiti wake, kwa mkono, na rangi hazikuwahi kurudiwa ndani ya mwaka mmoja.

Kuhusu ndoa, marehemu alikutana na Waino Kuivila kwenye dansi ya katikati ya kiangazi, mwaka 1961, yeye amekaa ukutani, na Waino, ambaye alikuwa hajanywa kiasi cha kuonewa huruma, alivuka ukumbi mzima akamnyoshea mkono. Aune akamwambia, "Ndugu yangu, una macho? Nina kilo nane za chuma miguuni." Waino akamjibu, "Mimi nakichimba siku sita kwa wiki, hakinitishi." Walifunga ndoa tarehe 23 Juni 1962, siku ya Jumamosi, wakajaliwa watoto wawili, Karl, aliyezaliwa tarehe 4 Machi 1964, na Marlys, aliyezaliwa tarehe 19 Septemba 1967, na wajukuu watano, na waliishi kwa kutaniana hadi Waino alipofariki kwa mapafu ya mgodini tarehe 30 Januari 2009.

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo kwa kawaida historia hizi huwa hazina, lakini marehemu aliagiza iwepo, na aliagiza isipunguzwe. Aune alipiga kura yake ya kwanza tarehe 8 Novemba 1960 katika ukumbi wa zamani wa kitongoji, ule uliokuwa chini usawa wa barabara, aliingia kwa magongo yake, akavuta pazia la kituturi nyuma yake, akatoka, na mama yetu Hilja alipomuuliza alimpigia nani alisema, "Mama, pale ndani kulikuwa na mimi na Mungu, muulize yeye." Alilipenda pazia lile. Mtu aliyevuliwa na kuvalishwa na wauguzi tangu ana miaka tisa, aliyebebwa na kushushwa na mikono ya watu, alikuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo aliingia peke yake na kufanya jambo ambalo hakuna aliyemwona.

Ukumbi ule uliungua Januari 1983 kwa sababu ya jiko la kuni, na kanisa hili tulimo likajitolea ukumbi wake, jambo jema, tunashukuru, ila kama mlivyoona mlipokuwa mnapanda, mlango ni mmoja, na mbele yake pana ngazi kumi na moja, kwa kuwa wazee waliojenga mwaka 1911 waliogopa theluji kuliko walivyoogopa uzee. Mwaka uliofuata, 1984, tukamchagua karani wa kitongoji, ndiye anayesimamia uchaguzi wote, Bwana Rodney Trethewey, kijana mchangamfu wakati huo, msalimiaji, ambaye tumeendelea kumchagua kwa miaka thelathini na minane bila kujiuliza. Na mwaka 1986 misuli ya Aune iliyokuwa imebakia ikaanza kuchoka, kama inavyowatokea wengi waliougua polio utotoni, akaweka magongo nyuma ya mlango, akaingia kwenye kiti cha magurudumu.

Novemba 1988, basi, Waino na jirani walimbeba na kiti chake mpaka juu. Kituturi kilikuwa chembamba, kiti hakikuingia, kwa hiyo Bwana Trethewey akamweka kwenye meza katikati ya ukumbi, kati ya birika la kahawa na sahani ya biskuti, akasema, "Lete nikusaidie, Bi Aune, kwa nini uhangaike," akaichukua mkononi mwake karatasi aliyokwisha kuijaza, akaitazama, akaangua kicheko, "Hee! Reino, kaka, hata shemeji yako hakutaki! Kampa Dorothy!" Ukumbi mzima ukacheka. Reino alikuwa pale pale na mkebe wa biskuti. Alishindwa kwa kura tatu, na Helmi, ambaye hana sifa ya kunyamaza, hakusema na dada yake wa pekee kwa miaka minne, hawakula Krismasi pamoja, mama yetu akafariki katikati ya ugomvi huo, na dada wawili wakasimama pande mbili za kaburi moja. Mwanamke aliyetunza siri za mji mzima kwa miaka kumi na mitano, yake moja ilitupwa mezani kama mifupa ya samaki, na aliyeitupa aliambiwa ni mcheshi. Reino mwenyewe, ambaye yuko hai na amekaa pale, anakubali leo kwamba hesabu hazikuwa kipaji chake na kwamba Aune alifanya sawa.

Miaka minne baadaye, tarehe 3 Novemba 1992, tayari kukiwa na sheria ya nchi nzima inayosema mlemavu asizuiwe mlangoni, walimbeba tena, theluji imeganda, mbebaji wa nyuma akateleza ngazi ya saba, na Aune akaanguka na kiti chake mpaka chini, akavunjika nyonga. Akiwa amelala pale kwenye theluji, akisubiri gari la wagonjwa, alisema, "Rodney, niletee karatasi hapa hapa, mkono haujavunjika." Bwana Trethewey akashuka ngazi mbili, akainama, akasema kwa upole kabisa, "Bi Aune, kanuni hairuhusu mtu kupiga kura akiwa amelala chini, watu watasemaje," akarudi ndani kwenye joto. Hiyo ndiyo kura ya kwanza aliyoikosa. Habari njema ni kwamba Helmi alikwenda hospitali siku ile ile, akasimama mlangoni, na Aune akasema, "Ingia basi, unaleta baridi," na ugomvi wao ukaishia hapo.

Lakini sikilizeni hili. Mwezi Februari 1996 wabeba jeneza wa hapa kwetu, ambao wote walikuwa wameshavuka miaka sabini, waliteleza kwenye ngazi hizo hizo, jeneza la mzee mmoja wa kanisa likaserereka mpaka barabarani, halikufunguka, hakuumia mtu, na marehemu, bila shaka, hakuhisi kitu. Kikao kiliitwa kesho yake. Ndani ya siku saba Bwana Perala alikuwa amenunua daraja la alumini la kukunja, lile mliloliona leo, linalolazwa juu ya ngazi ili jeneza lipande kwa magurudumu. Siku saba! Maiti kateleza mara moja tumemtengenezea njia, na mwanamke aliye hai, aliyevunjika nyonga kwenye ngazi zile zile, alikuwa ameshasubiri miaka mitatu, na akaja kusubiri mingine ishirini na sita. Bwana Perala, familia inamshukuru, alijitolea daraja lake liwekwe siku za uchaguzi bure, na Bwana Trethewey akamjibu, "Sulo, daraja lile ni la mazishi, na bima yake ni ya mazishi, tukiliweka rasmi watakuja wapimaji, watasema mteremko mkali, watasema weka vyuma vya kushikia, watatufungia kituo." Aune akamuuliza, "Kwa hiyo nikifa nitapita?" Bwana Trethewey akacheka, akampiga begani. Alikuwa mpiga mabega sana.

Yakaja na mengine, na familia itayapitia haraka haraka maana hasira nazo zina kikomo chake kanisani. Mwaka 2004 kituo kililetewa kengele ya mlemavu, ili asiyeweza kupanda aibonyeze na wasimamizi wamshushie karatasi kwenye gari, na Bwana Trethewey akaifunga vizuri sana, kwa skrubu nne, kwenye mwimo wa mlango, juu ya ngazi ya kumi na moja. Mwaka 2006 ikaja mashine yenye maandishi makubwa na vidude vya masikioni, kwa ajili ya wasioona na wenye mikono dhaifu, ikawekwa pembeni, haijachomekwa umeme, ikatandikwa kitambaa, na juu ya kitambaa likawekwa birika la kahawa, nanyi mmekunywa hapo, msijifanye. Mwaka 2018 wakamwambia, "Mama, si upige kwa posta tu, unang'ang'ania nini?" Akapiga kwa posta, ikarudi, kwamba sahihi haifanani na ya zamani. Mkono wa mama wa miaka themanini unatetemeka, wao wanataka ufanane na wa mwaka 1960.

Ndipo bintiye Marlys, mwezi Novemba 2021, akaiandikia ofisi ya kaunti kuuliza inakuwaje kituo hiki kinapita ukaguzi kila mwaka, akaletewa bahasha yenye fomu saba za Bwana Trethewey, kila moja imeandikwa njia ya walemavu ipo, na kila moja imebandikwa picha ya daraja mlangoni. Wakaketi jikoni kwa Aune, yeye, Marlys na Helmi, na kahawa, Aune na lenzi yake ya kutungia sindano, akaipitia ya kwanza, akaipitia ya pili, kisha akasema, "Helmi, njoo uone. Si huyu ni Onni Lehto huyu?"

Helmi akasema, "Dada, Onni amekufa."

"Najua amekufa, utepe wake nimeushona mimi. Wa kijani, huu hapa, pembeni ya daraja, jina halisomeki, lakini Rodney hajauondoa vizuri. Na huyu ni Ellen, huu wa zambarau. Na huyu, ngoja, huyu ni mume wa yule mama wa maziwa."

Marlys akaweka kikombe chini. "Mama, unamaanisha anapiga picha kwenye mazishi?"

"Mwanangu, daraja linatoka lini tena?"

Fomu saba, mazishi saba. Bwana Trethewey alikuwa anakuja kutoa pole, anavizia jeneza likishaingia na kabla daraja halijakunjwa, anasogeza shada pembeni, anapiga picha yake, kisha anaingia kuimba. Wafu wetu saba, ambao sasa hawakuhitaji kupiga kura, ndio waliotoa ushahidi kwamba Aune anaweza kupiga. Helmi alitaka kwenda kumpigia kelele kazini kwake dakika ile ile, na koti alishavaa, lakini Aune akamwambia, "Kaa chini. Nataka ngazi iondoke, sitaki Rodney aondoke. Akiondoka yeye na ngazi ikabaki nimepata nini?"

Tarehe 15 Machi 2022 walikwenda mbele ya kamati ya kaunti. Bwana Trethewey, amevaa tai, alisema maua yale ni ya kanisa, ya kupendezesha, na mjumbe mmoja akasema, "Mama, maua si kosa," wakacheka kidogo, wakaamua kwamba hakuna ushahidi, ila kuanzia sasa kila fomu iwe na picha mpya, iliyopigwa ndani ya siku thelathini kabla ya uchaguzi wa Novemba, yenye tarehe ya simu. Aune alitoka pale na jambo moja tu kichwani, kwamba kabla hajafa ataingia mlango huu na karatasi yake, apige kwa mkono wake, pasiwe na mtu wa kuchungulia.

Tarehe 2 Agosti 2022, uchaguzi wa awali, alikuja. Marlys alipanda kubonyeza kengele, kengele haikulia, betri ilikuwa imekufa, akaingia ndani, akaambiwa Bwana Trethewey ameenda kula, wasubiri. Aune akakaa chini ya ngazi, kwenye jua, chini ya mwavuli, masaa manne, na hapa familia inaomba radhi kwa kuwa haitaomba radhi, ninyi mlipita. Mlipanda mkashuka. Mlimwambia, "Bi Aune, leo jua kali," mlimwambia, "Umependeza na kofia," mmoja wenu alimletea biskuti kutoka ndani, biskuti ilipita mlangoni bila shida, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kupiga meza akasema hatupigi kura sisi mpaka huyu naye apige. Helmi naye yumo, alikuwa ameshapiga yake asubuhi, kabla dada yake hajafika. Saa mbili usiku kituo kikafungwa. Bwana Trethewey alipotoka na sanduku alimwambia, "Ungeniita, Bi Aune, mimi nilikuwepo tu."

Kuhusu ugonjwa na kifo, marehemu alianza kukohoa mwanzoni mwa Septemba, akalazwa kwa nimonia tarehe 12, akaruhusiwa tarehe 27, moyo ukiwa umechoka. Walimletea karatasi ya posta nyumbani, akaisukuma mpaka mwisho wa meza, akasema, "Hiyo wapeni wanaosafiri. Mimi siendi popote, nakaa mita mia tatu kutoka pale." Aliomba ashonewe gauni la kupigia kura, la bluu, Helmi akalishona, mishono haikumridhisha. Siku ya Ijumaa tarehe 14 Oktoba 2022, saa nne na nusu asubuhi, nyumbani kwake, Marlys akiwa ameshika mkono wake wa kulia na Helmi wa kushoto, Aune alifariki, akiwa na umri wa miaka themanini na minne, miezi minane na siku tatu, siku ishirini na tano kabla ya uchaguzi. Amevaa lile gauni. Na leo, Alhamisi tarehe 20 Oktoba, saa tano asubuhi, mmemwona wenyewe, amepita mlango huu kwa magurudumu, hakubebwa, hakuteleza, hakuambiwa asubiri, na ni mara yake ya kwanza kuupita tangu alipobebwa mwaka 1988.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomtibu, hasa yule muuguzi wa zamu ya mchana aliyekubali kugombezwa. Inawashukuru majirani kwa kuni, kwa mikate ya nyama iliyojaa friji tatu, na kwa kufagia majani njiani. Inawashukuru wenzake wa kazi wa ubao wa simu, wawili waliobakia, waliosafiri kutoka mbali na bado hawataki kusema walichokisikia. Inamshukuru Bwana Perala, ambaye kwa desturi hulikunja daraja mara tu jeneza likishaingia, lakini leo kwa ombi la familia ameliacha palepale lilipo, na ameuacha mlango wazi, poleni na baridi.

Familia inapenda pia kumshukuru Bwana Trethewey kwa kufika, alikaa kiti cha mwisho kabisa, aliimba wimbo wa kwanza vizuri tu, lakini kwa sasa pale kwenye kiti kuna kofia peke yake. Msigeuke. Ninyi mmeupa mlango mgongo, Helmi ndiye anayeutazama, kwa hiyo awasomee kinachoonekana, maana hapa kwenye karatasi aliacha mistari kumi mitupu, na fomu ya kaunti inatakiwa kesho Ijumaa, na mwezi huu hapa Salmela hakufa mtu mwingine. Yuko chini kule, pale daraja linapoanzia. Amelitoa shada la Aune pale lilipokuwa limeegemezwa, amelibana kwapani. Anampungia mkono dereva wa gari la maiti asogee mbele, dereva anasogea, anapunga tena, kidogo tu. Amerudi nyuma hatua tatu. Amepiga goti moja, kama anasali, ameinua simu. Sasa geukeni. Wote, taratibu, na wewe Mchungaji, na ninyi wajumbe wawili wa kamati ya kaunti mliokaa safu ya pili mkaja kutoa pole, geukeni tu, msione haya.

Habari za asubuhi, Rodney. Hapana, usiifiche hiyo simu, mwanga ni mzuri. Karl, nenda kasimame pale karibu yake, usimguse. Marlys, mwanangu, na wewe toa simu yako, piga picha watu waone tarehe.

Pumzika, dada yetu Aune, umefika ndani. Na wewe Rodney, usiliweke chini hilo shada, lilete hapa mbele mwenyewe, upite kwenye daraja.